Kiti Kitupu Mezani: Jinsi ya Kuandaa Seda ya Pasaka Wakati Mpendwa Wako Hayupo

Kila mwaka, sikukuu ya Purimu ikishapita na watu wakianza kukung'uta makombo ya mkate kabatini kabla ya Pasaka ya Kiyahudi, naulizwa maswali yaleyale kuhusu Seda, chakula cha ibada cha usiku wa Pasaka. Baba ndiye aliyekuwa akiongoza Seda na sasa hayupo, nani ashike kikombe? Mwanangu yuko ng'ambo, mwaka wa pili huu hapokei simu, nimwekee sahani? Niko peke yangu mji wa kigeni kikazi, Seda ya mtu mmoja ni Seda kweli? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: mwaka huu tusiiache tu, mpaka mambo yatulie?

Usiiache. Kaka yangu mkubwa aliondoka nyumbani miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hatujapata neno la uhakika kumhusu. Pasaka ya kwanza bila yeye, mama alikataa kuandaa chochote. Tulikula viazi kimya, tukalala saa tatu. Usiku ule ulituumiza kuliko hata siku aliyoondoka. Mwaka uliofuata tuliandaa Seda, vibaya, huku tunalia, matsa, ule mkate usiotiwa chachu, imevunjikavunjika, lakini tuliandaa. Ninayokuandikia hapa nimejifunza kwenye Seda hizo na nyingine ambazo nimesaidia kuziandaa hapa Nairobi.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote. Seda yenyewe imejengwa juu ya kitu kisichokuwepo. Mapema usiku matsa ya kati huvunjwa, kipande kikubwa hufichwa, na chakula hakiwezi kufungwa mpaka kipande hicho kipatikane. Kwa hiyo usidhani nyumba yako iliyopungukiwa haifai kwa sikukuu hii.

KWANZA, JUA UNAMKOSA MTU WA AINA GANI

Hili watu huliruka, kisha wanakosea kila kitu kinachofuata. Kuna aliyefariki. Kuna aliye hai lakini yuko mbali: kazini, vitani, gerezani, hospitalini. Kuna asiyejulikana aliko. Na kuna mliyekosana naye, yuko mtaa wa pili tu lakini haji. Desturi za hawa wanne si moja. Aliyefariki ana maombi yake maalumu. Asiyejulikana aliko hahesabiwi miongoni mwa wafu, na hilo nitalirudia chini kwa sababu ndilo kosa linaloumiza kuliko yote.

UNACHOHITAJI

- Hagada, kitabu kinachosomwa usiku wa Seda, hata kama ni kimoja cha kupokezana.
- Matsa tatu za kuweka pamoja mezani, na nyingine za kula. Ulizia kwenye sinagogi lililo karibu nawe wiki nne kabla. Ukitaka kuoka mwenyewe, zungumza na rabi mapema: tangu maji yanapogusa unga mpaka mkate uive, dakika 18 zisipite.
- Divai au maji ya zabibu ya vikombe vinne kwa kila mtu. Kikombe kidogo kinachokubalika ni kama mililita 86, hivyo weka hesabu ya mililita 350 kwa kichwa.
- Mboga chungu. Letusi ya majani marefu inatosha, tena ndiyo inayotajwa kwanza katika Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi.
- Kiazi au kitunguu cha kuchovya, maji ya chumvi, yai la kuchemsha, mfupa uliochomwa.
- Haroseti, mchanganyiko mtamu wa kuchovyea mboga chungu. Mimi hutumia tende, korosho, tufaha, mdalasini na divai kidogo. Karanga ziache ikiwa nyumba yenu inafuata desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki.
- Mshumaa wa kuwaka saa 24, ikiwa tu mtu wako amefariki.
- Kitu kimoja cha yule asiyekuwepo. Kimoja, si sanduku zima.
- Mtu mmoja asiye wa ukoo wenu.

HATUA KWA HATUA

1. Gawa kazi zake, wiki mbili kabla.

Chukua karatasi, andika yote aliyokuwa akifanya usiku ule. Usiandike "aliongoza". Andika: alibariki divai, alificha afikomani (kile kipande kikubwa cha matsa), alikata kitunguu, alianzisha nyimbo, aliwachekesha watoto ikifika habari ya pigo la vyura. Kisha mbele ya kila kazi weka jina la mtu. Nyumba nyingi huvunjika moyo katikati ya Seda kwa sababu kazi fulani imefika na mikono haipo: wote wanatazamana, na pengo linaonekana ghafla bila mtu kujiandaa. Kwetu, kazi ya kuficha afikomani ilikuwa ya kaka. Sasa ni ya mpwa wangu, ambaye hakumjua vizuri mjomba wake, lakini anajua kwamba kazi hii ameishikia tu.

Usimpe mtu mmoja kazi zote. Mama mjane akiachiwa kupika, kuongoza na kufariji, atakuwa amekwisha kabla ya kikombe cha pili.

2. Alika mgeni.

Mwanzoni mwa Hagada kuna tangazo la Kiaramu: kila mwenye njaa na aje ale. Lisemwe kweli. Nyumba yenye huzuni hutaka kufunga mlango ibaki na watu wake, nami naelewa, lakini mezani panapokuwa na watu wa huzuni moja tu, kila mmoja humtazama mwenzake na kumwongezea. Mwanafunzi aliye mbali na kwao, mzee anayeishi peke yake, jirani: mmoja anatosha. Huwezi kumwalika mtu? Toa pesa ya chakula kwa mhitaji kabla ya sikukuu. Desturi hiyo ya kuwachangia maskini unga wa Pasaka ni ya karne nyingi.

3. Maliza simu kabla jua halijazama.

Siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama siku ya Waswahili. Nairobi mwezi wa nne jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na kwa anayeishika sikukuu kwa ukamilifu simu huzimwa hapo. Kwa hiyo piga mchana. Kama mtu wako yuko mbali lakini anapatikana, msomee maswali manne kwa simu, naye akusomee. Watoto walio mbali huikumbuka simu hiyo usiku kucha. Kama mmekosana, tuma ujumbe mfupi: "Sikukuu njema. Kiti chako kipo." Usiongeze neno la tatu la kumlaumu, wala usikae kusubiri jibu.

Kama hajulikani aliko, fanya jambo moja la kumtafuta katika siku hizo kabla ya sikukuu. Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana. Nenda, andikisha, au ulizia faili mlilofungua zamani. Kisha keti mezani ukijua kwamba kazi ya mwaka huu umeifanya.

4. Amua kuhusu kiti, pamoja.

Kiti kitupu si sharti la Seda. Ni desturi ambayo watu wameibeba kila walipokuwa na mtu wao mikononi mwa wengine. Kuanzia miaka ya 1960, familia nyingi za Marekani ziliweka mezani matsa ya ziada kwa ajili ya Wayahudi waliozuiwa kutoka Muungano wa Kisovyeti. Oktoba 2023, baada ya watu 251 kutekwa na kupelekwa Gaza, meza ndefu ya Sabato yenye viti vitupu zaidi ya 200 iliandaliwa kwenye uwanja ulio mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa la Tel Aviv. Huzuni ile ilifika hadi kwetu: Joshua Mollel na Clemence Mtenga, vijana wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, waliuawa katika shambulio lile la 7 Oktoba, na familia ya Mollel ilisubiri zaidi ya miaka miwili, hadi Novemba 2025, mwili wake uliporudishwa.

Waulize wa nyumbani mwako kabla ya siku yenyewe: mnataka kiti? Wapo ambao kiti kitupu huwatuliza, na wapo ambao huwakaba koo. Mkikiweka, kiwe pembeni na si kichwani mwa meza, na juu yake kile kitu chake kimoja. Sisi hufunga uzi mwekundu kwenye mgongo wa kiti. Neno la Kiebrania la tumaini ni tikva, na neno hilohilo ndilo lililotumika katika kitabu cha Yoshua kwa uzi mwekundu ambao Rahabu aliufunga dirishani ili watakaokuja waijue nyumba yake. Mama hapendi maelezo marefu, lakini uzi huo huufunga mwenyewe kila mwaka, wala hamwachii mtu.

5. Washa mishumaa kwa wakati.

Mshumaa wa ukumbusho, kama unahusika, uwashwe kabla ya sikukuu kuingia. Sikukuu ikishaingia hairuhusiwi kuwasha moto mpya; huchukuliwa tu kutoka kwenye moto unaowaka tayari.

6. Vunja matsa polepole.

Hii ndiyo hatua ya nne kati ya 15 za Seda, inaitwa Yahatsi, na haina baraka wala maneno. Wengi huipita kwa sekunde tano. Nyinyi ipeni dakika nzima. Inua matsa ya kati, wote waione ikiwa nzima. Ivunje. Acheni ule mlio usikike. Haitavunjika sawa, haivunjiki sawa kamwe. Kipande kidogo kirudi kati ya zile mbili, kikubwa kifungwe kwenye kitambaa na kufichwa. Zingatia kwamba kinachowekwa kando ni kikubwa kuliko kinachobaki mezani. Aliyepungukiwa anaelewa hilo bila kufundishwa.

Usitoe hotuba hapa. Ukitaka kusema neno, taja jina lake tu.

7. Uliza hata kama huna wa kukujibu.

Maswali manne huulizwa na mdogo wa nyumba. Je, kama mtoto ndiye asiyekuwepo? Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, ilishalijibu hili katika kitabu cha Pesahimu: asipokuwepo mtoto, mke ataulizia, asipokuwepo mke, mtu atajiuliza mwenyewe, hata wasomi wawili wanaojua sheria zote huulizana. Kwa hiyo aliye peke yake anauliza kwa sauti na anajijibu kwa sauti. Nimewahi kufanya hivyo chumbani, mji wa watu, kwa chupa ya maji ya zabibu na matsa nne. Sauti yangu ilinishtua mwanzoni. Kufikia swali la tatu nilikuwa naisikia kama sauti ya mtu mwingine aliyeketi nami.

8. Hadithi yake isimuliwe wakati wa Magidi.

Magidi ni sehemu ya kusimulia kutoka Misri. Hapa kila mmoja aeleze jambo moja la yule asiyekuwepo, fupi, lenye uhai: alivyopenda kuiba haroseti jikoni, alivyokosea wimbo uleule kila mwaka. Kwa nini hapa na si wakati wa chakula? Kwa sababu hapa hadithi ina mahali pa kwenda. Inaanza na utumwa inaishia na kutoka. Ukiiacha mpaka wakati wa kula, itazunguka meza usiku mzima bila mlango wa kutokea.

Kisha kuleni mboga chungu bila kuipunguza. Haroseti huchovywa kidogo na kukung'utwa. Uchungu usizamishwe ndani ya tamu.

9. Fungua mlango.

Baada ya chakula na afikomani, ambayo naieleza katika hatua ya 10, hujazwa kikombe cha nabii Eliya na mlango hufunguliwa. Mlango wa kweli, si wa chumbani. Mpe kazi hii yule anayemkosa zaidi. Asimame hapo kwa muda autakao, atazame nje, kisha arudi. Usimwambie kuna baridi.

Nikisimama mlangoni huwakumbuka Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, na kwa miaka ya utawala wake waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na tarehe 11 Aprili 1979 redio ikatangaza kwamba Amin ameondolewa. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka iliingia. Asubuhi ya siku hiyo hakuna aliyekuwa na uhakika nani angetawala kufikia usiku, na huenda kuna waliokuwa wameshachagua mahali pa kujificha ili wasali.

Tena Pasaka ya 1948 iliwakuta wafungwa wa Kiyahudi Gilgil, hapahapa Kenya, waliofukuzwa Palestina na Waingereza bila kufikishwa mahakamani. Wengine walikuwa wamezunguka kambi za Eritrea na Sudan tangu 1944. Huko kwao kulikuwa na meza zenye viti vitupu kwa ajili yao. Julai mwaka huo walirudishwa.

10. Tafuteni afikomani, mle, mmalizie kwa kuimba.

Watoto wakiipata, ishangilieni kwa sauti. Iliwe kabla ya usiku wa manane, ambao kwa Nairobi ni karibu saa sita na nusu. Usiruhusu watu waondoke kabla ya Haleli, zile zaburi za sifa, hata kama wamechoka. Zaburi ya 118 imo humo, ile ya mtu aliyeita akiwa katika dhiki na akajibiwa mahali pa nafasi. Kama nguvu zimekwisha kabisa, ukate Magidi mwakani; Haleli usiikate.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWAKA

Kumwashia mshumaa wa marehemu mtu asiyejulikana aliko, au kumsomea Kadishi, sala ya waombolezaji. Usifanye hivyo, hata kama jamaa wamekata tamaa, hata kama miaka ni mingi. Yakobo aliletewa kanzu yenye damu, wanawe wote wakamzunguka kumfariji kwa ajili ya Yosefu, naye akakataa kufarijiwa. Rashi, mfafanuzi wa Maandiko, anaeleza kwamba mtu hapokei faraja kwa ajili ya aliye hai. Miaka 22 ilipita kabla hawajaonana. Mama alipoambiwa na mtu mmoja kwamba "akubali tu sasa", sura hiyo ndiyo niliyomsomea. Kwa aliyetekwa au aliyepotea, ombeni Ahenu, ombi la ndugu walio katika dhiki na kifungo, au someni Zaburi ya 121.

Kuwaahidi watoto kwamba mwakani baba atakaa hapa. Hujui. Sema "tunamngoja", sema "tunaomba". Hagada inafungwa kwa "mwaka ujao Yerusalemu", na watu wameisema karne nyingi wakijua huenda mwaka ujao watakuwa palepale. Lakini mtoto wa miaka sita atahesabu siku.

Kuwakataza watoto kucheka. Wakicheka kwenye vyura, waache. Cheka nao.

Kugeuza Seda kuwa matanga. Picha kumi ukutani, mshumaa kila kona, kila kipengele kinaelekezwa kwake. Sikukuu ina amri yake ya kufurahi, na furaha hiyo hata ikiwa ndogo kama kijiko ina haki ya kuketi mezani.

Kusubiri mpaka ujisikie una tumaini ndipo uandae. Andaa kwanza. Mimi kuna miaka niliyokuwa na tumaini wakati wa kupika nikalipoteza ikifika divai ya pili, na mingine ilikuwa kinyume chake.

IKIWA MAMBO YAMEKWAMA

Mtu analia, hawezi kuendelea kusoma. Mtu wa kando yake aendelee kuanzia neno lilelile. Msisimamishe Seda, msimtoe nje, mpeni maji.

Mzazi hataki jina litajwe kabisa. Mheshimu mezani. Mwambie kabla kwamba dakika ya Yahatsi mtanyamaza, naye afanye anachotaka na kimya hicho.

Mazishi yamefanyika wiki hii. Kama shiva, zile siku saba za maombolezo, ilikuwa imeanza, sikukuu ikiingia inaikatisha, na siku zilizobaki hazidaiwi baadaye. Mazishi yakifanyika katikati ya sikukuu, shiva huanza ikiisha. Wengi huona kama wamenyang'anywa muda wa kulia; kama ni wewe, panga jamaa wachache waje kukaa nawe baada ya Pasaka. Kwa waliofariki kuna pia Yizkori, sala ya kuwakumbuka, inayosomwa siku ya mwisho ya sikukuu.

Kwa hasira, sitaki kumshukuru Mungu mwaka huu. Njoo na hasira yako mezani, soma sehemu ya mboga chungu, ule. Hakuna anayekagua moyo mlangoni. Yule dada aliyeniambia hivi mwaka jana ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote mwishoni, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Tumekwama baada ya chakula, watoto wamelala. Afikomani, kikombe cha tatu, mlango, Zaburi moja ya Haleli, kikombe cha nne. Dakika 20 zinatosha.

Naogopa zaidi Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, kuliko Pasaka. Basi siku yake ya pili usikose sinagogi. Siku hiyo husomwa Yeremia sura ya 31, Raheli akiwalilia wanawe, na akijibiwa kwamba watarudi kwenye mpaka wao. Kwa Sukoti, sikukuu ya vibanda, una wageni saba wa kualikwa kibandani, na Yosefu aliyepotea ni mmoja wao.

Sahani yake iliyokaa tupu usiku kucha, asubuhi niifanyeje? Hili niliulizwa na mama yangu mwenyewe, amesimama jikoni, ameishika kwa mikono miwili. Sisi tulio nje ya Israeli tuna Seda ya pili usiku unaofuata. Ioshe, ipanguse, na usiku huo mpakulie mgeni humo.